Karavani ya ekseli moja kwenda ekseli mbili: mliohama, semeni mlichokutana nacho

Njia_Ndefu

Wakuu, habari za wakati huu. Nina jambo linalonikosesha usingizi wiki ya tatu sasa, naomba waliopita njia hii wanisaidie.

Tuko watu watano: mimi, mke wangu na watoto watatu, na huyu mkubwa amerefuka mpaka kichwa kinagonga kabati kila akigeuka kitandani. Karavani yetu, yaani nyumba ya kuvutwa na gari, ni ya ekseli moja (jozi moja ya magurudumu), na kibati cha mtengenezaji kinasema uzito wa juu kilo 1,500. Tumeivuta miaka sita. Sasa tumepata iliyotumika ya ekseli mbili, kibati chake kilo 1,900, vitanda vya kudumu viko nyuma, na kuna meza ya kukaa wote watano bila mtu kula amesimama.

Gari linalovuta lina kilo 2,050 kabla ya abiria na mizigo. Mtengenezaji ameruhusu livute hadi kilo 2,500, na gololi ya kuvutia, lile tufe la chuma nyuma ya gari ambapo pua ya karavani inakaa, inabeba mwisho kilo 100.

Nafasi peke yake isingenifanya nifikirie kuhama. Mwaka juzi tulikuwa tunashuka mteremko mrefu, lori likatupita kwa kasi, na karavani ikaanza kutingisha mkia. Mara ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu nikasikia nyuma ya gari inavutwa kama mtu anayeninyang'anya usukani. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani ukiwa umenyooka, ikatulia. Tangu siku hiyo mke wangu kila akiona lori kwenye kioo anaweka mkono kwenye dashibodi. Hasemi kitu. Anaweka mkono tu.

Nataka kujua kwa dhati: ekseli ya pili itaniondolea hilo? Na nitakuja kulipia wapi?

Dereva_Mtulivu

Mkuu, pole kwa hiyo ya mteremkoni, na ulifanya sawa. Wapo wanaokanyaga mafuta wakidhani wataivuta inyooke, kumbe kasi ndiyo chakula cha kule kuyumba. Ukipunguza kasi taratibu, mtingisho unakosa nguvu wenyewe.

Nilihama miaka minne iliyopita. Barabarani tofauti ipo, na ni kubwa. Karavani ya ekseli moja inazunguka juu ya mstari mmoja, kama mtu aliyesimama kwa mguu mmoja. Ukiweka ekseli ya pili nyuma ya ya kwanza, ili mkia uende kushoto au kulia lazima matairi manne yakubali kuburuzwa kwa ubavu, na hayo ya mbele na ya nyuma yanapingana. Upepo wa lori unausukuma mwili, mwili unasogea, unarudi. Haukai ukijibembeza.

Hata matuta unayasikia tofauti. Gurudumu moja likiingia shimoni, jirani yake bado limeshika lami, kwa hiyo vyombo kabatini havirukiruki kama zamani.

Ila usije ukaamini kwamba ekseli ya pili inasamehe upakiaji mbaya. Mzigo mzito ukiwa nyuma kabisa ya karavani, hata ukiwa na ekseli mbili, mkia utatingishika siku ukikutana na mteremko, upepo na kasi kwa pamoja. Kwanza, huo mtingisho wa mwaka juzi, mlipakia nini nyuma?

Njia_Ndefu

Baiskeli mbili kwenye rafu ya nyuma, na kisanduku cha zana chini ya kitanda cha nyuma. Nimekuelewa unakoelekea mkuu.

Dereva_Mtulivu

Ndipo hapo hapo. Chukua kitu cha kilo 10. Kiweke nusu mita kutoka kwenye ekseli, halafu kiweke mita 3 kutoka kwenye ekseli. Uzito ni uleule, lakini ugumu wa kukituliza kikishaanza kuzunguka unakua kwa mraba wa umbali. Umbali umeongezeka mara 6, kwa hiyo kinapinga kutulia mara 36. Baiskeli mbili kwenye mkia wa karavani ni kama nyundo mwisho wa mpini mrefu.

Kabla hujauza ya zamani, hamisha baiskeli juu ya gari, weka zana sakafuni karibu na ekseli, pima uzito wa mbele, yaani ule unaokalia gololi, kisha uivute. Inawezekana nusu ya ugonjwa wako haikuwa ekseli.

Kambi_Tulivu

Mimi nilikwenda ekseli mbili na baada ya misimu miwili nikarudi ekseli moja. Nasema ili mleta mada asikie upande huu pia.

Barabarani sina malalamiko hata moja. Taabu inaanza ukishaifungua kwenye gari. Ya ekseli moja, mimi na mke wangu tulikuwa tunaisukuma kwa mikono, unaizungusha juu ya magurudumu yake kama meza. Ya ekseli mbili haizunguki. Kwenye lami kavu ukijaribu kuigeuza papo hapo, matairi yanashika ardhi, yanajikunja, na wewe unaumia mgongo bure. Watu wanne wenye afya hawakuweza kuisogeza kwenye nafasi yangu ya maegesho nyumbani, ambayo inataka kona ya digrii 90 mara tu ukitoka barabarani.

Nilifunga mota ya kusogezea, ya injini mbili kwa rimoti. Ilisaidia kwenda mbele na nyuma na kwenye mkunjo mpana. Kugeuza mahali finyu bado ilikuwa mtihani, ilibidi niende mbele kidogo, nirudi kidogo, mbele, nyuma, mpaka betri ikalia. Kama unaegesha sehemu finyu, hesabu mota ya injini nne tangu mwanzo, gurudumu moja injini moja, na uhesabu uzito wake pia maana unakula kwenye nafasi ya mizigo.

Njia_Ndefu

Asante sana kwa ukweli. Kwangu lango linatazamana na barabara, naingia kinyumenyume moja kwa moja, mita kama 15. Kwenye rivasi je, ikoje?

Kambi_Tulivu

Rivasi ya mstari ulionyooka ni nzuri kuliko ya ekseli moja. Inachelewa kuitikia usukani, kwa hiyo haikukimbii. Ya ekseli moja fupi ukipepesa macho imeshajikunja. Kama njia yako ni hiyo ya moja kwa moja, basi tatizo langu si lako, na nafurahi kwa ajili yako.

Fundi_Springi

Nimefanya kazi ya matrela miaka mingi. Kuna jambo halijaguswa hapa, na ndilo ninaloliona linawaumiza waliohama bila kuambiwa. Nivumilieni nitaandika refu.

Ulizeni kwanza ekseli hizo mbili zimefungwaje. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni springi za bamba zenye mkono wa kusawazisha katikati: springi ya mbele na ya nyuma zinakutana kwenye kipande cha chuma kinachobembea. Gurudumu la mbele likipanda tuta, mkono unabembea, mzigo unagawanywa tena. Aina hii imejaa kwenye matrela ya Marekani. Ya pili ni ekseli za mpira: ndani ya bomba la ekseli kuna vipande vya mpira vinavyobanwa gurudumu linapopanda. Karavani nyingi za Ulaya ziko hivi. Ni kimya, hazitaki grisi, lakini ekseli ya mbele haijui chochote kuhusu ekseli ya nyuma. Hakuna kinachoziunganisha isipokuwa fremu.

Matokeo yake ni haya. Karavani ya ekseli moja ikivutwa pua ikiwa chini kidogo, si pazuri, lakini ekseli ni ileile na mzigo ni uleule. Karavani ya ekseli mbili za mpira ikivutwa pua chini, mwili unainamia mbele, ekseli ya mbele inabanwa zaidi na ya nyuma inaachiwa. Ekseli ya mbele inaweza kubeba kupita kiwango chake huku jumla ya karavani iko ndani ya kibati. Na kuna la kushangaza zaidi: uzito unaokalia gololi unapungua. Mtu anaona kipimo kimeshuka, anahamisha mizigo mbele, anazidi kuiumiza ekseli ya mbele. Tatizo halikuwa mizigo. Tatizo lilikuwa kimo cha gololi.

Ukiipandisha pua juu kuliko usawa, inakuwa kinyume: ekseli ya nyuma inabeba zaidi, na gololi inakandamizwa zaidi.

Kwa hiyo kupima uzito wa mbele kwa ekseli mbili hakufanywi ovyoovyo kwa kuegemeza kipimo popote. Pakia gari kama unavyosafiri, abiria wote ndani, tanki limejaa. Funga karavani. Pima kutoka ardhini hadi katikati ya gololi. Kisha fungua, na upime uzito wa mbele pua ikiwa kwenye kimo hichohicho, sakafu ikiwa ngumu na imelala. Ukibadili kimo kwa sentimita 5 umepima karavani nyingine.

Kwa viwango vya Ulaya, katikati ya gololi panatakiwa pawe kati ya sentimita 35 na 42 kutoka ardhini gari likiwa limepakiwa. Magari mengi yakijaa familia nyuma yanakaa chini, ndipo pua inapoinama.

Unapokwenda kuiona hiyo karavani, beba pima maji na tochi. Tazama matairi: kama ya ekseli ya mbele yameisha kuliko ya nyuma, mara nyingi ilikuwa inavutwa pua chini. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi; 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya karavani yanakufa kwa umri kabla ya kuisha kwa barabara, na wewe sasa utanunua manne badala ya mawili. Breki vilevile ni nne, beringi ni za magurudumu manne, na fundi atakulipisha kwa manne. Hilo lijue mapema.

MamaWatatu

Fundi, Mungu akuzidishie. Hayo ya pua kuinama nilijifunza kwa kuharibu seti ya matairi.

Kaka Njia_Ndefu, mimi ninavuta ekseli mbili na wanangu watatu, mara nyingi dereva ni mimi peke yangu. Nitaongea ya maisha ya ndani na ya kambini.

Watu hudhani ekseli mbili ni ruhusa ya kubeba nyumba nzima. Si hivyo. Ekseli ya pili, magurudumu mawili, breki zake na mwili mrefu vyote vina uzito, na vimeshahesabiwa kabla hujaweka hata sufuria. Kuna karavani za ekseli mbili ambazo nafasi ya mizigo ni ndogo kuliko ya karavani ya ekseli moja. Tazama namba mbili: uzito ikitoka kiwandani na uzito wa juu wa kibati. Tofauti yake ndiyo mali yako. Toa kitambaa cha hema la mbele, mota, betri ya pili, gesi, maji kama unayabeba. Ukimaliza ndipo uwape watoto mabegi. Wanangu kila mmoja ana sanduku moja lenye mfuniko, likifungwa limefungwa.

Kusawazisha kambini ni kazi kidogo. Ya ekseli moja unapandisha gurudumu moja kwenye kabari na umemaliza. Ya ekseli mbili, upande ulio chini unapandisha magurudumu mawili, na lazima yapande kimo kimoja, la sivyo gurudumu moja linabeba na jirani yake linaning'inia. Tafuta kabari ndefu iliyotengenezwa kwa ekseli mbili, au mbao za unene mmoja. Sawazisha kushoto na kulia kwanza, mbele na nyuma baadaye kwa gurudumu dogo la mbele. Miguu ya kona ni ya kutuliza tu, usiinulie karavani kwa hiyo.

La mwisho: si kila kambi inapokea ekseli mbili. Ufaransa, kambi nyingi za manispaa zimeandika wazi kwamba karavani za ekseli mbili haziingii. Na pale ushuru wa barabara unapohesabiwa kwa ekseli, unalipia moja zaidi. Kabla ya kuweka nafasi, uliza na utaje urefu kamili pamoja na ile pembetatu ya chuma ya mbele. Mimi nilishafika mahali jioni, watoto wamelala, nikaambiwa nafasi ni fupi mita moja. Ilibidi niendeshe usiku. Sitaki mwingine yampate.

Mzani_Kwanza

Mimi nina wasiwasi na hesabu ya gari. Kilo 1,900 kwa gari la kilo 2,050 ni karibu asilimia 93. Waingereza wanaoanza kuvuta hushauriwa wasizidi asilimia 85 ya uzito wa gari, yaani kwako kilo 1,742. Mtengenezaji kuruhusu 2,500 ni suala la injini, breki na fremu kumudu mlima. Halikuambii kama karavani itaamua kuliongoza gari siku ya upepo.

Dereva_Mtulivu

Ni ushauri tu, si sheria, na uliwekwa kwa wanaoanza. Wenye uzoefu wanaambiwa wanaweza kufika asilimia 100, wasizidi. Mleta mada amevuta miaka sita. Na karavani ya ekseli mbili ya uzito huo ni tulivu kuliko ya ekseli moja ya uzito huo.

Mzani_Kwanza

Sikatai utulivu. Ninachosema ni kwamba ekseli ya pili haiongezi hata kilo moja kwenye gari. Ikifika mahali pa kusukumana, mzito ndiye anayeamua. Mkuu Njia_Ndefu, kibati kinasema 1,900 lakini hulazimiki kuijaza. Ipeleke kwenye mzani ikiwa imepakiwa, ukijua umebeba ngapi hasa tutaongea kwa namba badala ya hofu. Na gololi yako ndiyo kikomo kingine: uzito wa mbele unaopendekezwa kwa karavani za Ulaya ni asilimia 5 hadi 7. Kwa 1,900 hiyo ni kilo 95 hadi 133. Gololi inakubali 100. Umebaki na dirisha la kilo 5, na ukiinyima uzito wa mbele unarudi kulekule kwenye mkia kutingishika.

Njia_Ndefu

Hili la dirisha la kilo 5 limenishtua. Sikuwa nimelifikiria. Na pancha je? Nimesoma kwamba ekseli mbili unaweza kuendelea kwenda.

Fundi_Springi

Hapana. Tufanye hesabu. Kilo 1,900 toa 100 za gololi, zinabaki 1,800 juu ya matairi manne, kila moja kilo 450. Tuseme matairi ni ya namba ya mzigo 88, yaani kilo 560 kila moja. Raha kabisa. Tairi moja likiisha upepo, jirani yake linabeba za wote wawili, kilo 900. Limezidiwa kwa kilo 340. Dakika chache za mwendo wa kasi linapata moto na linapasuka nalo.

Faida ya ekseli mbili kwenye pancha ni kwamba karavani haianguki upande mmoja ghafla. Unapata muda wa kupunguza kasi na kusogea pembeni kwa heshima. Hasara ni kwamba unaweza usijue kabisa umepata pancha, maana haiinami, na dereva anayekufuata ndiye anayekuonyesha moshi. Funga vihisi vya upepo kwenye matairi yote manne.

Kubadilisha ni rahisi kwa ekseli za mpira: weka ubao imara mbele ya tairi zima la upande ule, vuta karavani polepole lipande, na lile lenye pancha linaachia ardhi. Zuia magurudumu ya upande wa pili, weka stendi chini ya sehemu iliyoruhusiwa na mtengenezaji, ndipo ufungue nati. Kwa springi za bamba zenye mkono wa kusawazisha njia hiyo haifai, mkono unalishusha gurudumu linaloning'inia. Hapo ni jeki.

Kona_Pana

Msisahau kona. Gurudumu la karavani halipiti lilipopita gurudumu la gari, linakata ndani. Ukizunguka kona ambayo gololi inachora duara la nusu kipenyo mita 8, karavani ambayo kutoka gololi hadi ekseli ni mita 4.2 inakata ndani karibu mita 1.2. Ile ambayo ni mita 5 hadi katikati ya ekseli zake inakata karibu mita 1.75. Zaidi ya nusu mita. Kwenye ukingo wa barabara hiyo nusu mita ni rimu iliyochubuka, na kituo cha mafuta ni nguzo. Ingia kona ukiwa umechelewa kuliko ulivyozoea. Na mkia wa nyuma nao unatoka nje kwa upande wa pili, kwa hiyo angalia vioo vyote viwili.

Ukisikia matairi yanalia kwenye kona kali kambini, ni kule kuburuzwa. Ukishaegesha, songa mbele nusu mita kwa mstari ulionyooka ili yaachie mkunjo kabla ya kufunga breki ya mkono.

Njia_Ndefu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki saba. Tuliichukua.

Kwanza nilifanya alivyosema Dereva_Mtulivu: nilihamisha baiskeli na zana, nikaivuta ile ya zamani mara moja zaidi. Ilitulia kuliko nilivyowahi kuiona. Nilikaa kando ya barabara nikafikiri miaka sita niliyoilaumu karavani kwa kosa la upakiaji wangu. Kama tungekuwa wanne ningeishia hapo. Lakini kichwa cha mtoto bado kinagonga kabati.

Ya pili nilikwenda kuiona na pima maji. Matairi manne yote yalikuwa na miaka minane, nikayabadilisha yote na spea kabla ya kuitoa. Ekseli ni za mpira, kila moja kiwango chake kilo 1,000.

Kisha mzani. Tulipakia kila kitu, watoto ndani ya gari. Jumla ya karavani kilo 1,790. Ekseli ya mbele 960, ya nyuma 755, gololi 75. Nikapima kimo cha gololi: sentimita 34. Pua ilikuwa imeinama, hata kwa macho. Fundi, maneno yako yalikuwa mbele yangu kwa namba. Ekseli ya mbele ilikuwa imebakiza kilo 40 tu kufika kikomo chake, na gololi ilikuwa nyepesi, asilimia 4.

Nilifunga springi za kusaidia nyuma ya gari, gololi ikapanda hadi sentimita 40 na mzigo uleule. Nikarudi mzanini. Jumla 1,790. Ekseli ya mbele 860, ya nyuma 840, gololi 90. Sikuhamisha hata kijiko.

Mzani_Kwanza, uzito halisi kwa gari ni asilimia 87. Watoto wameambiwa masanduku yao hayaongezwi.

Safari ya kwanza ilikuwa kilomita 600. Baada ya kilomita 50 nilisimama nikakaza nati zote kwa spana ya kipimo, na mbili za gurudumu la nyuma kushoto zilikubali kusogea. Niligusa habu zote nne kwa mgongo wa mkono, joto sawa. Mteremko uleule tukaupita, nikiwa kilomita 80 kwa saa. Lori likatupita. Karavani ilisukumwa, nikaisikia, ikarudi mahali pake mara moja. Nikamtazama mke wangu. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye dashibodi. Baada ya lori la nne au la tano alianza kumenya chungwa la mtoto.

Kona_Pana, kituo cha mafuta cha kwanza nilikosa nguzo kwa upana wa kiganja. Sasa nachagua pampu ya mwisho, inayotoka moja kwa moja.

MamaWatatu

Hongereni sana kaka, na msalimie mama watoto. Kabari umepata?

Njia_Ndefu

Bado dada. Nimetumia mbao mbili zenye unene wa sentimita 4, kila gurudumu ubao wake. Tatizo zinateleza kwenye nyasi zenye umande ninapopanda kinyumenyume.

MamaWatatu

Ziunganishe kwa mkanda wa chuma ziwe ubao mmoja mrefu, na chini pigilia vipande vya tairi la zamani, mpira ukitazama ardhi. Panda ukienda mbele, si rivasi, breki za msukumo, zile zinazoshika karavani na gari zikisukumana, zisije zikashika ukiwa juu. Pima urefu kutoka ukingo wa mbele wa tairi la kwanza hadi ukingo wa nyuma wa tairi la pili, ongeza sentimita 20 kila upande. Mimi nimetumia huo miaka mitatu.

Njia_Ndefu

Nimepima, sentimita 145. Kwa hiyo ubao wa sentimita 185. Kesho asubuhi nauchonga.